Nimependekezwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi kanisani, na mimi ndiye nauza saruji. Nikubali?

#1 KihambaChaJuu
Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Wasio wa huko, habari za jioni.

Nipo Moshi, nina duka la vifaa vya ujenzi. La kawaida tu: saruji, nondo, misumari, bati, rangi. Usharika wetu unajenga kanisa jipya maana la zamani halitoshi tena, ibada ya kwanza watu wanasimama nje mpaka kwenye migomba. Sasa baraza la wazee limenipendekeza niwe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mchungaji kanipigia simu kunipa hongera kabla hata sijajibu.

Usiku nikilala najiuliza: hivi naitaka hii kazi kwa ajili ya Mungu, au kwa sababu najua saruji ya kanisa zima itapitia dukani kwangu? Na hata nisipouza mfuko mmoja, jina langu litakuwa linasomwa kwenye matangazo, na mtaani kwetu hilo si jambo dogo. Mke wangu anasema kubali, wenzio mbona wanakubali bila kujiuliza. Kaka yangu anasema nikikataa nitaonekana nina dharau.

Swali langu: mtu anajuaje kwamba anatumika kanisani kwa nia sahihi? Na nia ikiwa nusu kwa nusu, afanyeje? Naomba majibu ya watu wazima, mapovu pelekeni kule jukwaa la siasa.

#2 chalii_wa_Ngarenaro
Aisee Mangi, umeshapiga hesabu ni mifuko mingapi? Sema ukweli, humu hatukujui.

#3 SautiYaPili
Nakaa hapa.

#4 Kofia Nyeusi
Mleta mada, kataa. Mathayo 6 iko wazi: ukitenda ili uonekane na watu, thawabu yako umeshaichukua hapa hapa duniani. Umekiri mwenyewe kwamba unawaza matangazo. Dhamiri imeshakujibu, unachotafuta humu ni watu wa kukupa ruhusa.

#5 MzeeWaBenchi
Kofia Nyeusi usimkimbize mtu hivyo. Soma na Wafilipi 1 kuanzia mstari wa 15. Paulo yuko kifungoni, anajua kabisa kuna watu wanamhubiri Kristo kwa husuda na kwa kushindana naye. Anasema inadhuru nini, mradi Kristo anahubiriwa, yeye anafurahi. Hakuwasimamisha mpaka wakasafishe nia kwanza.

Nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu, nimeona. Kuna kijana alijiunga kwaya ya vijana kwa ajili ya binti mmoja wa sauti ya kwanza, na usharika mzima ulijua. Binti akaolewa Babati. Tukasema huyu sasa hatumwoni tena. Leo ndiye mwalimu wa kwaya, na ana wanakwaya wanaosoma noti, si wale wa kukariri. Kama tungempima nia pale mlangoni tungemkosa.

#6 chalii_wa_Ngarenaro
Na binti akamkosa. Pole yake.

#7 Tunza Kibaba
Nyote wawili mnabishana kuhusu kitu ambacho hakuna anayekiona. Mimi ni mtunza hazina kwetu, niwape picha.

Ibada ikiisha tunaingia chumba cha wazee, mlango unafungwa, vikapu vinamwagwa mezani. Tunakuwa watatu, na hairuhusiwi wawili kuwa wa nyumba moja. Noti zinanyooshwa, maana watu wanatoa noti imekunjwa mpaka inatoshea kwenye kidole cha mtoto. Elfu kumi zao, elfu tano zao, sarafu zinapangwa kumi kumi. Iliyochanika inabandikwa selotepu. Vifungo vya shati na shilingi za Kenya vinawekwa pembeni (vifungo havikosi, sijui ni shati la nani hilo kila wiki). Mmoja anahesabu, wa pili anahesabu upya, wa tatu anaandika fomu, tunasaini wote. Jumatatu asubuhi benki. Jumapili inayofuata kiasi kinasomwa mbele ya watu.

Sasa kati ya sisi watatu nani ana nia safi? Sijui, na sina haja ya kujua. Hata mwizi akikaa kwenye meza ile anatoka mwaminifu. Yuda alishika mfuko peke yake, ndipo kosa lilipoanzia.

Kwa hiyo mleta mada, achana na habari za usiku kitandani. Ukikubali uenyekiti, duka lako lisiuze. Ukitaka kuuza, uenyekiti uache. Ukivitaka vyote viwili, basi profoma (karatasi za bei) tatu za maduka matatu, zifunguliwe mbele ya kamati nzima wewe ukiwa nje, na mzigo apokee na kusaini mtu mwingine.

#8 NdiziMshare
Tunza Kibaba, Yohana 12 inasema Yuda alikuwa mwivi na alikuwa akishika mfuko. Hilo la "peke yake" umeliongeza wewe.

#9 Tunza Kibaba
Sawa mkuu. Ila hakuna mahali wametaja mtu wa pili wa kusaini.

#10 FundiBati
Mimi naongea kama fundi, siyo kama msomaji wa Biblia.

Niliwahi kupaua kanisa, sitasema wapi. Mwenyekiti wa kamati ana duka, kama huyu mwenzetu. Mcha Mungu kwelikweli, Ijumaa anafunga, hana maneno mengi. Karatasi za manunuzi zinasema bati geji 28. Nikapanda juu, nikakanyaga katikati ya papi mbili, bati likabonyea. Nikashuka nikalishika kwa kidole, hiyo ni geji 30. Kwa wasiojua, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na bei inashuka.

Nikamwita pembeni nikamwuliza. Hakukasirika. Akaniambia tofauti ya bei ameirudisha kanisani kama sadaka ya shukrani. Na kweli aliitoa! Ilitangazwa, watu wakapiga makofi, mimi mwenyewe nilikuwepo. Yaani yule mzee alikuwa anaamini kabisa kwamba hajala kitu.

Tangu hapo mtu akiniambia ana nia njema naomba kwanza nione bati.

#11 Mama Pasua
FundiBati hiyo imenichekesha halafu imeniuma.

Lakini nawasoma toka juu, mnaongelea mwenyekiti, mtunza hazina, mwalimu wa kwaya. Hakuna aliyeuliza nia ya anayedeki kanisa Jumamosi. Kwetu ni akina mama, tunakwenda kwa zamu za jumuiya. Tunabeba maji, tunasogeza mabenchi, tunakwangua nta ya mishumaa, vitambaa vya madhabahu vinafuliwa, vinatiwa wanga, vinapigwa pasi na mtu mwenye mkono mwepesi. Hatutangazwi. Sijawahi kusikia mama amekaa usiku anawaza kama anadeki kwa nia sahihi. Swali la nia linakuja pale penye kiti, kipaza sauti au hela.

Na msidhani najisifu. Wiki ya Pasaka tunanuniana kwa sababu ya nani atapanga maua. Mwaka fulani mtu alileta maua yake na vyombo vyake, akamaliza peke yake kabla zamu haijafika. Mpaka leo salamu zao ni za kuinua nyusi.

#12 Kofia Nyeusi
MzeeWaBenchi, wale wa Wafilipi walikuwa wanahubiri, hawakupewa cheo. Mfano sahihi hapa ni Yakobo na Yohana, walitaka kukaa kulia na kushoto, Yesu akawakatalia. Na Anania alikufa kwa kutotoa pesa yote ya shamba. Mungu hachezewi.

#13 KatekistaMstaafu
Tumsifu Yesu Kristu.

Ndugu Kofia Nyeusi, nikusahihishe kidogo. Kwenye Marko 10 wanaomba wenyewe, kwenye Mathayo 20 mama yao ndiye anayewaombea. Katika zote mbili Yesu hakuwafukuza. Aliwaambia hawajui wanachoomba, akawaambia kikombe watakinywa, na wakabaki katika wale Kumi na Wawili. Huyo Yakobo mtaka kiti ndiye Herode alimuua kwa upanga, Matendo 12:2, kabla ya wenzake. Kwa hiyo mtu anaweza kuanza na tamaa akaishia pengine kabisa.

Anania naye soma Matendo 5:4. Petro anamwambia shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza pesa ilikuwa katika uwezo wake. Angetoa nusu na kusema ni nusu, hakuna ambaye angemgusa. Alikufa kwa kusema uongo kwamba ametoa yote.

#14 chalii_wa_Ngarenaro
Milele amina, na shikamoo mzee. Kwa hiyo Mangi akisimama madhabahuni akasema jamani mimi nataka kuuza saruji, yuko salama?

#15 KatekistaMstaafu
Marahaba. Salama kuliko yule wa bati.

#16 MwanaUsaRiver
Nimesoma theolojia kidogo, naomba niweke jambo. Hili swali Kanisa limelijadili zamani sana, tena hapa hapa Afrika, upande wa kaskazini. Karne ya 4 kulikuwa na Wadonatisti, wakisema mtumishi mchafu anachafua hata huduma anayoitoa. Agostino, askofu wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria, akawapinga: atoaye ni Kristo, mtumishi ni mkono tu. Na sisi Walutheri tumelibeba hilo. Ungamo la Augsburg, tamko letu la imani la mwaka 1530, kifungu cha 8, linasema sakramenti ni halali hata zikitolewa na watu waovu. Kwa hiyo msimamo wa Kofia Nyeusi kwamba nia chafu inaharibu huduma ni wa Kidonatisti.

#17 Tunza Kibaba
Hiyo ni ya sakramenti mkuu. Ubatizo hauna geji.

#18 FundiBati
😂😂😂

#19 Kofia Nyeusi
Nimeitwa Mdonatisti mchana kweupe na mtu aliyesoma "kidogo". Sijasema huduma inaharibika. Nimesema mtu mwenyewe anaharibika. Kanisa litajengwa vizuri, watu wataabudu, na yeye aliyejenga atakuwa ameshalipwa kwa makofi. Hilo Augsburg inalipinga?

#20 MwanaUsaRiver
Hilo hailipingi.

#21 KatekistaMstaafu
Kwa kuwa ndugu zetu Walutheri mmeitaja Augsburg, msisahau moto wa Luther wa 1517 ulivyowashwa. Rehema (msamaha wa adhabu za dhambi) alizokuwa anazihubiri mtawa Tetzel zilikuwa za kukusanya fedha za ujenzi wa Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma. Kamati ya ujenzi ni mahali pa hatari tangu zamani. Nakiri upande wetu. Papa Pius wa Tano mwaka 1567 alifuta rehema zote zilizohusishwa na malipo, lakini nyumba ilikuwa imeshagawanyika.

#22 NdiziMshare
Mzee umemaliza vizuri. Niongeze la kwetu. Mnaongea kana kwamba zamani watu walikuwa safi na sisi ndio tumeharibika. Wamisionari wa kwanza Kilimanjaro walikuwa Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, 1893, Machame. Mnadhani mangi (mtawala) wa huko aliwapokea kwa sababu ya kiu ya Injili? Ulikuwa wakati wa Wajerumani na wamangi wanaviziana, Mzungu wa kwako mwenyewe alikuwa na faida zake. Na babu zetu walipeleka watoto misheni wakajue kusoma na kuandika, ubatizo ukafuata. Leo sisi wajukuu ndio tunapimana nia.

#23 NuruYaRombo
Leipzig siyo wa kwanza, acha hizo. Wakatoliki walikuwa Kilema 1890, Mangi Fumba akawapokea.

#24 MzeeWaBenchi
Na kabla ya nyote, Waanglikana wa CMS (chama cha wamisionari cha Uingereza) walikuwa Old Moshi 1885, wakaondoka 1892 mambo yalipochafuka kati ya Wajerumani na Mangi Meli. Kwa hiyo tulieni, hakuna wa kwanza humu.

#25 MlimaMmoja
Na huku kwetu Meru msitusahau. Oktoba 1896 Ovir na Segebrock waliuawa Akeri, hata kazi yenyewe hawajaianza. Wale hawakupata kiti wala tangazo. NdiziMshare hoja yako inaeleza waliopokea, haielezi waliokuja kufa.

#26 NdiziMshare
Hapo sina la kubisha. Ila hata waliokuja, wapo waliokuja kwa Injili na wapo waliokuja nyuma ya bendera, na mara nyingine ni mtu yule yule.

#27 NuruYaRombo
Mnataka kuona nia? Njooni Rombo wiki ya Krismasi, watu wa Dar wakishapanda.

Baada ya ibada unafanyika mnada nje. Mkungu wa ndizi, maziwa, boga, mayai kwenye kopo la mahindi yasivunjike. Mwaka jana lilinadiwa jogoo. Lilianza elfu ishirini. Kaka mmoja wa miwani ya jua akasema laki. Mwingine, ambaye wazee wao waligombania mpaka wa kihamba (shamba la ukoo), akasema laki na nusu. Ikapanda mpaka watu wakaanza kutoa simu warekodi. Aliyeshinda akasema "narudisha kanisani", likanadiwa upya. Likarudishwa tena. Jogoo lenyewe limefungwa miguu, limening'inia kichwa chini muda wote huo, halijui linagombaniwa na ukoo gani.

Lililetwa na bibi jirani yetu. Alitoka nalo nyumbani alfajiri kwa miguu kwenye kapu. Jina lake halikutajwa hata mara moja. Waliotajwa ni wanunuzi, na vyeo vyao, na kampuni zao.

#28 Mama Pasua
Huyo bibi mfikishie salamu zangu.

#29 MzeeWaBenchi
Nuru, ni kweli, mimi mwenyewe huo mnada hunitia aibu. Lakini niulize: hizo hela zilifanya nini?

#30 NuruYaRombo
Vyoo vya shule ya jumapili na tenki la maji.

#31 MzeeWaBenchi
Basi. Watoto wanaotumia vyoo vile hawaulizi ugomvi wa kihamba.

#32 chalii_wa_Ngarenaro
Mimi nauliza jogoo nani alimla.

#33 NuruYaRombo
Mchungaji.

#34 MlimaMmoja
Mimi nasali kanisa la kiroho huku Arusha, tuko kwenye turubai bado, hatujafika kwenye bati. Niwaambie ukweli, kwetu shida siyo cheo tu. Wengine wanatumika kwa hofu. Ukikosa mazoezi ya kusifu na kuabudu unaambiwa umefungua mlango kwa adui. Ukipata mtoto mgonjwa unaulizwa uliacha lini kuhudumu. Mtu anafagia madhabahu akitetemeka. Hiyo nayo utaiitaje? Hajitafutii sifa, hatafuti hela, lakini siyo upendo.

Halafu wapo wa upande wa pili. Kila idara ina kundi la WhatsApp, na kila kundi lina mtu mmoja asiyeomba wala kuimba, kazi yake ni kupandisha picha za vitenge na bei.

#35 SautiYaPili
Idara ya maombezi kwetu anauza asali. Nzuri lakini.

#36 BintiWaMwinjilisti
Nimekuwa nasoma tu humu miaka, leo naandika.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa mtaa, juu huko mlimani, alisomea chuo cha Biblia Mwika. Posho ilikuwa ikichelewa, na ikija haifiki mwisho wa mwezi. Mchana alikuwa anachuma kahawa ya watu kwa kibarua, jioni anaongoza maombi kwenye nyumba zile zile alizochuma. Siku aliposimama kwenye kikao akauliza habari za posho yake, mzee mmoja akamwambia, "Mwinjilisti, tulidhani unamtumikia Mungu." Watu wakanyamaza, na baba akakaa chini.

Kwa hiyo mtanisamehe. Nimegundua habari za nia safi zinakumbukwa zaidi siku mtu anapodai haki yake. Mwenye hoteli yake akitoa tenki la maji haulizwi. Mwinjilisti akidai posho anaulizwa. 1 Wakorintho 9:14 inasema waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili, ule mstari haukusomwa siku ile.

#37 Kofia Nyeusi
Dada pole sana. Lakini hapo hapo mstari wa 18 Paulo anasema yeye aliihubiri bila malipo, na Matendo 18 alishona mahema.

#38 BintiWaMwinjilisti
Kaka yangu, Paulo hakuwa na watoto sita wa kusomesha. Na 2 Wakorintho 11:8 anasema alipokea ujira kwa makanisa mengine apate kuwahudumia wao, na Wafilipi 4 anawashukuru kwa kumtumia msaada Thesalonike zaidi ya mara moja. Aliamua mahali pa kupokea na mahali pa kutopokea. Baba hakupewa hiyo nafasi ya kuamua.

#39 MlimaMmoja
Hapo Kofia umevuliwa kofia.

#40 Kofia Nyeusi
Nimesikia. Mzee yule wa kikao ndiye aliyepaswa kuulizwa nia.

#41 SautiYaPili
Samahani kutoka nje ya mada kidogo. MzeeWaBenchi umetaja wanakwaya wanaosoma noti. Kwenu bado mna tarumbeta? Kwetu waliobaki ni wazee wanne na pumzi zao za shida. Vijana wanataka kinanda na spika kubwa.

#42 MzeeWaBenchi
Tunalo kundi zima, na vijana wamo. Siri ni moja, wanapigwa picha kwenye harusi. Misiba wanakuja kwa shida kidogo. Unaona sasa, hata tarumbeta lina nia yake.

#43 NdiziMshare
Na Mathayo 6 ile ile ndiyo inasema ukitoa sadaka usipige panda (tarumbeta) mbele yako 😂 Walutheri mmeipiga tangu enzi za Mjerumani.

#44 MzeeWaBenchi
Panda ya sadaka, siyo ya tenzi. Usituchonganishe.

#45 KihambaChaJuu
Wakuu, nimerudi. Nimesoma yote, asanteni. BintiWaMwinjilisti, yako nimemsomea mke wangu.

Jana nilimfuata mchungaji nikamweleza wazi: mimi nina duka, naogopa mgongano wa maslahi, naomba niwe mjumbe wa kawaida na vifaa vinunuliwe kwa profoma kama alivyosema Tunza Kibaba. Nilidhani atafurahi. Alicheka, akaniambia: "Ndugu, duka lako baraza tunalijua. Ndiyo maana tumekupendekeza. Mfuko wa jengo uko chini, tunahitaji mwenyekiti anayeweza kutukopesha vifaa mpaka mavuno."

Sasa nimechanganyikiwa upya. Mimi nilikuwa nahangaika na nia yangu, kumbe na wao wana yao.

#46 chalii_wa_Ngarenaro
Eeeh! Mangi ameviziwa na kanisa.

#47 FundiBati
Kimbia. Mimi nimeshadai kanisa hela ya ufundi. Unamdai nani? Mchungaji anahamishwa, kamati inavunjwa, mwenyekiti mpya anakwambia hiyo ilikuwa kamati ya zamani. Na ukipandisha sauti unajibiwa na zaburi.

#48 Mama Pasua
Mimi simlaumu mchungaji. Amesema wazi mbele ya macho yako kwa nini anakutaka. Kwa maneno ya Katekista, yuko upande wa wasema kweli. Ni wangapi wangekwambia ni maono?

#49 Kofia Nyeusi
Mama, kusema wazi hakufanyi jambo liwe sawa. 1 Petro 5 anawaambia wazee walichunge kundi kwa hiari, siyo kwa kulazimishwa, na siyo kwa kutaka fedha. Huyu analazimishwa kistaarabu. Akiwakopesha hawezi kuwakagua, na akiwakagua watasema anatafuta hela yake.

#50 MzeeWaBenchi
Mnakuwa wagumu. Kanisa siku zote limemwita mtu na alicho nacho. Mwenye ng'ombe alisomba mawe, mwenye ushoroba alitoa njia, mwenye lori anaombwa lori. Mwenye duka ataombwa nini, sauti ya nne? Kama anaweza kukopesha bila kuumiza familia yake akopeshe, na kiti akikalie bila aibu. Nia itamfuata njiani, kama yule mwalimu wetu wa kwaya.

#51 BintiWaMwinjilisti
Au haitamfuata, atabaki na deni na watu watamwambia "tulidhani unamtumikia Mungu". Shikamoo mzee, lakini sikubaliani.

#52 MzeeWaBenchi
Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, na bado nasimama nilipo.

#53 MwanaUsaRiver
Naona hapa kuna maswali mawili yamechanganywa. Nia ya mtu mbele za Mungu, na utaratibu wa mali ya kanisa. La kwanza halina profoma.

#54 Tunza Kibaba
Na la pili halina maombi ya kufunga. Twende huko basi. KihambaChaJuu, huo mkopo mkataba wake utaandikwa kwa jina la nani? Usharika, kamati, au wewe na mchungaji kwa mdomo? Baraza limeukalia na kuuandika kwenye kumbukumbu za kikao? Ukomo wake shilingi ngapi? Na bei ni ya siku ya kuchukua au siku ya kulipa, maana saruji mwezi wa kumi na mbili huwa inapanda?

#55 KihambaChaJuu
Kwa mdomo mpaka sasa. Hayo mengine sikuuliza. Baraza linakaa Alhamisi, nimeomba dakika kumi.

#56 chalii_wa_Ngarenaro
Dakika kumi na Walutheri? Ya kwanza mpaka ya saba ni sala ya kufungua.